Jicho Chini ya Rangi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Jette, hapa Bruxelles, nyumbani kwa Madame Eirlys. Bibi wangu mpya wa kumhudumia — miaka themanini na tisa, mtu wa Wales, alimfuata mume Mbelgiji. Miguu imekwisha, ulimi bado! Namwosha, yeye ananihadithia makanisa ya kwao. Madogo, ya mawe, mabondeni. Mengi yana uwanja wa mviringo: mtawa alifika, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, akazungusha ua, akajenga kibanda cha kusali. Basi! Nikauliza, kibanda tu? Kibanda tu. Kumbe kanisa letu la kuhamahama kumbi za kukodi si la kwanza. Nimefurahi, sijui kwa nini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo kanionyesha picha. Ukuta mweupe, na katikati uso wa mtakatifu, mwekundu. Zamani kuta zile zote zilichorwa! Kisha mfalme akaamuru zifutwe. Wanakijiji wakapaka chokaa. Karne nne na zaidi baadaye chokaa ikabanduliwa, watakatifu wako mle mle. Nikasema, walizikwa. Hapana, akasema, walitunzwa. Chokaa inapumua. Rangi ya mafuta ndiyo inayoua ukuta.

Kwenye tramu nawaza tu: yule aliyeshika brashi, alijua?

Jumamosi, 11 Oktoba

Salongo, kazi ya pamoja! Akina mama wote na ndoo na vitenge vya kazi. Hatimaye tuna pa kwetu: kikanisa kikuukuu cha Wakatoliki nyuma ya barabara ya Chaussée de Wavre. Lazima kiwe cheupe kabla ya kuwekwa wakfu Jumapili ijayo. Mimi nimepewa ukuta wa madhabahu. Nakwangua rangi iliyotutumka — jicho. Jicho! Nikachukua kijiko: pua, kisha mkono ulioinuliwa. Nilipiga kelele.

Papa pasteur Tshibangu, mchungaji wetu, akaja, akatazama kwa muda.

"Bon, maman Pétro, ile ni sanamu. Batu batasema tunaabudu vitu ya bakatoliki. Mupake, donc."

Nina hasira hadi sasa. Huwezi kumkuta mtu ukutani ukamfunika bila hata kumuuliza jina.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemwambia Madame Eirlys. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Mtapaka nini? Rangi ya mafuta, nikasema. Akakisukuma kando kikombe cha chai, hakukigusa tena.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kesho ndiyo wakfu. Asubuhi nimemwambia papa pasteur ule ukuta nitaupaka mwenyewe. Akanibariki! Sikumweleza kwa nini. Nikamtuma maman Mbombo, kiongozi wetu akina mama, aninunulie chokaa.

"Chokaa? Ile ya kupaka choo ku village? Pétro, tuko Bruxelles!"

Akaenda, anacheka. Ningeenda mwenyewe, lakini naogopa kutoka hapa. Ndoo za rangi ya mafuta zimeshafunguliwa.

Nimekaa juu ya ndoo tupu, nimeligeuzia jicho mgongo. Précieuse, msichana wa kanisa letu, amemaliza nguzo ya mwisho, rola mkononi, anaimba. Ameniuliza: maman, niendelee na huu? Nimesema dakika kumi.

Maman Mbombo hashiki simu.

Dakika kumi zimekwisha. Papa pasteur amechungulia mlangoni, anauliza tumefika wapi. Précieuse anachovya rola tena, ananitazama. Nimemwambia angoje, bado naandika —