Fundi Aliyejifunza Kutokunja Uso

Shangazi, shikamoo. Nimechoka na hili jambo sina pa kulitua, ndiyo maana nakuandikia wewe. Mume wangu ni fundi wa vigae, maisha yake yote kapiga magoti kwenye sakafu za watu, na sasa goti la kulia limekwisha, daktari wa mifupa amesema upande wa ndani mifupa inasagana na anaweza kumbadilishia upande huo tu, yaani nusu goti, tukashukuru, ila siku hiyo hiyo tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa mgonjwa mmoja akamwambia ukikutwa na pia ya goti imelika kwa chini hupewi nusu tena, unawekewa goti zima, na goti zima ukilipigia magoti umelimaliza, basi mume wangu akanywea pale pale, maana Shangazi, pia yake imelika, mimi najua, tunakaa ghorofani na ngazi anazishuka kinyumenyume kashika ukuta, watoto wa jirani wanamwita Mzee Rivasi, na akiinuka kitini goti linalia mpaka nasikia nikiwa jikoni.

Alipoambiwa atapimwa tena kabla ya upasuaji akaniita sebuleni, "Mama, njoo unibonyeze hapa," nikawa nambonyeza pia ya goti kwa dole gumba naye anajifunza kutokunja uso, mwanzoni machozi yalimtoka, lakini mwishowe akawa anaweza kuniuliza chumvi imekwisha au bado huku nambonyeza kwa nguvu zangu zote, na kweli daktari alipombonyeza akamuuliza, "Hapa vipi?" akajibu, "Hapo safi kabisa, daktari." "Na ngazi?" "Nashuka kama kijana." Daktari akanigeukia mimi, "Ni kweli, mama?" Nikaitikia kwa kichwa.

Upasuaji ni wiki ijayo. Nikisema, atasema nimemkata mikono, nikinyamaza na goti likamkatalia, mimi ndiye nitakayemfunga viatu na kumbebea ndoo ya vifaa mpaka kazini kama ninavyofanya sasa, na nikuambie ukweli Shangazi, kuna wakati naomba wamwekee hilo goti zima ili aache kazi nami nikae chini. Je, mimi ni mke mbaya?

Mke wa Fundi

*

Mwanangu, marahaba, na pole sana. Sasa ngoja nikuseme. Mtu mzima anafanya mazoezi ya kumdanganya mtu anayekwenda kumpasua, na kocha wake ni mkewe! Nimesoma barua nyingi, hii imenichosha na mimi.

Nimemuuliza daktari wa mifupa ninayemwamini. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa isisagane, ikilika chini ya pia si lazima mtu anyimwe nusu goti. Wengi waliolika kiasi hapo wakiwekewa nusu wanaendelea vizuri tu. Shida huja pale ilipolika sana, hasa upande wa nje wa pia, mpaka mfupa umechimbika. Huyo anaweza kubaki na maumivu yake ya ngazi, na pengine akarudi kupasuliwa tena. Hata hilo la kupiga magoti halina jibu moja: wapo wanaopiga magoti na goti zima, wapo wasioweza na nusu. Kwa hiyo yule mtaalamu wenu wa benchi alisikia kidogo akamalizia mwenyewe.

Mumeo ni yupi kati ya hao? Mimi sijui, wewe hujui. Daktari angejua, kama angeambiwa, maana angeiangalia hiyo pia ya goti kwa makini, kwa picha inayopigwa goti likiwa limekunjwa. Huenda fundi wako anaficha kitu ambacho wala kisingemnyima nusu yake.

Sasa wewe. Si mke mbaya, umechoka. Lakini umeniambia mimi ambaye hujawahi kuniona, na yeye unayelala naye hujamwambia. Usimwachie mpasuaji kazi ya kumwambia mumeo kwamba mkewe amechoka. Yeye kazi yake ni mifupa.

Leo akishamaliza kula, kaa mbele yake umwambie, "Kesho tunarudi hospitali, na habari ya pia ya goti lako nitaisema. Ukitaka, sema wewe kwanza." Usibembeleze. Kisha mwambie na la pili: ndoo yake wewe hubebi tena, nusu goti au goti zima. Huko kwa daktari, waombe wampige hiyo picha, na aulize mwenyewe kuhusu kupiga magoti, kwa mdomo wake.

Atanuna, namjua bila kumwona. Mwache anune wiki nzima. Ila siku atakapolala kwenye kile kitanda, anayeshika kisu awe anajua goti analolipasua.