Majibu ya Mama Rodah

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mama Rodah amekuja kliniki na gumbuti za kuchumia chai bado miguuni. Titi la kushoto limevimba zaidi, na sasa kuna uvimbe mwingine kwapani. Mimi ndiye niliyemtuma hospitali kubwa Aprili, namba yangu ya simu nikaiandika juu kabisa ya barua! Walichukua kipande cha nyama wakapime, wakamwambia ataitwa. Hajaitwa. Sijapata hata meseji. Ananiuliza mimi! Nimempa dawa ya maumivu nikiona aibu.

Jumatano, 5 Juni

Simu asubuhi nzima. Mapokezi wananipeleka wodi, wodi wananirudisha mapokezi. Daktari bingwa yuko kwa upasuaji. Yuko kwa mkutano. Nimewaambia nami ni daktari, siuzi sabuni. Wakakata! Kwao, sisi wa kliniki ya Mogogosiek kazi yetu ni kugawa Panadol tu.

Ijumaa, 7 Juni

Bingwa amepokea. Sauti ya mtu aliyeshiba. Majibu yalitoka zamani – ni kansa, na kemo ilitakiwa kuanza Mei. Mbona hamkunipigia?

"Daktari, sisi tuliambia familia."

Familia gani? Kipkurui. Mkwe! Walipigia namba ya aliyemleta, basi, wakanawa mikono. Kipkurui, ambaye kwa heshima hata mkono hampi mama mkwe, akimwona njiani anapisha. Huyo ndiye aende kumwambia habari za titi lake?

Jioni nimemwita nimfokee. Amesimama anazungusha kofia. Alidhani hospitali itaniambia mimi, nami nitamwambia mama. Na mke wake Chepchumba, binti ya mama, mbona hakumwambia? Ananyonyesha mtoto mchanga – aliogopa mshtuko utakausha maziwa. Kwa hivyo amekuwa akienda tu kumpasulia mama kuni, kisha anarudi kwake. Nimeshindwa kumfokea. Hasira yote nimembakishia bingwa.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika huku nasubiri, simu iko spika, bingwa ameenda kuangalia nafasi ya kemo. Mama Rodah ameketi mbele yangu. Bado sijamwambia – nilitaka kwanza niwe na tarehe mkononi. Kipkurui yuko mlangoni, ametupa mgongo. Mama anaangalia simu, kisha ule mgongo.

"Daktari, huyu amenipasulia kuni mpaka nimekosa pa kuweka," anasema polepole. "Ni nini anajua?"

Bingwa amerudi. Nafasi ipo kesho. Anauliza, mama akisikia, kama familia imeshaambiwa.