Walinikata Katikati ya Jibu

Jumapili, jioni. Mvua imepita hapa Mansfield mchana na kulegeza joto, na mimi nimekaa kibarazani, miguu juu ya kiti, nikicheka peke yangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Wiki hii nimelia, nimekasirika, halafu nimefurahi kuliko mwaka huu wote. Acha niandike kabla utamu haujaniishia.

Jumapili iliyopita kituo kimoja cha televisheni kilikuja kanisani kwetu. Walitaka kujua kwa nini baadhi yetu Wakenya, wahamiaji, tunapigia kura wahafidhina. Wazee wa kanisa wakanisukuma mbele, maana wanaujua mdomo wangu. Dada yangu mkubwa, Beatrice, alikuwa ametutembelea kutoka Houston. Yeye ni wa upande ule mwingine, na hafichi. Lakini alisimama kando akinirekodi kwa simu, akijivunia tu kwamba mdogo wake anahojiwa.

Nilisema ninachoamini. Kwamba mtoto ni wa wazazi wake kabla hajawa wa serikali. Kwamba niliingia nchi hii na Biblia mkononi, na sioni kwa nini niifiche ndiyo nionekane nimesoma. Mwandishi, msichana mpole, akaniuliza kuhusu mpaka. Nikamjibu: "Sheria ni sheria. Mimi nilipanga foleni miaka. Lakini mtu akifika mlangoni kwangu na mtoto mwenye njaa, nawalisha kwanza, mambo ya karatasi baadaye. Yesu hakuwauliza watu vitambulisho."

Jumatatu jioni tukajipanga sebuleni, mume wangu, binti yetu Joy na mimi. Nikatokea. "Sheria ni sheria. Mimi nilipanga foleni miaka." Halafu ikaja picha ya ukuta wa chuma mpakani, na muziki wa huzuni.

Walinikata hapo.

"Mum, that's not what you said," Joy akasema, akaenda chumbani kwake.

Kesho yake kazini ndiko nilikoumia. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya figo, na tangu nianze pale nimekuwa nikila chakula cha mchana na Marisol, nesi mwenzangu kutoka El Salvador. Siku hiyo alichukua chakula chake akaenda kukila kwenye gari. Sikumfuata. Ningemwambia nini? Kwamba TV imenigeuzia maneno? Kila mtu husema hivyo akibanwa.

Niliporudi nyumbani niliandika hapa kwenye blogu ukurasa mzima wa matusi ya Kikristo, yale yasiyo na neno baya hata moja lakini yanachoma. Nikaufuta.

"Si umekuwa ukisema kila siku vyombo vya habari vinatuonea?" Baba Joy akaniuliza. "Sasa unashangaa nini?"

"Nashangaa kwa sababu leo ni mimi."

Halafu Beatrice akapiga simu. Nilijua anataka kunicheka.

"Haya, furahi," nikamwambia. "Upande wenu umeshinda."

"Nifurahie nini? Siasa zako zinanipandisha presha, unajua. Lakini nilikuwa nimesimama pale, nilikusikia. Huyo waliyemkata si chama. Ni dada yangu."

Akachukua ile video yake nzima na kuwatumia majirani zake wote wa Sharpstown, mtaa wake huko Houston, na majengo yale ya apatimenti yamejaa watu wa kila nchi. Mwanzoni akaweka sauti yake mwenyewe: huyu ni mdogo wangu, kura yake siitaki hata bure, lakini sikilizeni alichosema mpaka mwisho.

Alhamisi Marisol akanikuta nikipanga dawa.

"Binamu yangu wa Houston amenitumia video," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Akafikiria. "Hapana."

Tulicheka mpaka mgonjwa mmoja akauliza kama kuna sherehe.

Ijumaa yule mwandishi akanipigia mwenyewe. Alisema si yeye aliyekata, lakini jina lililokuwa chini ya habari ni lake, kwa hivyo anaomba msamaha. Na jana wamelionyesha jibu langu lote. Lote! Hata Yesu na vitambulisho.

Sikutegemea. Mimi niliyeandika kwenye blogu hii kwamba watu wale hawajui kuomba msamaha.

Bado naamini wanaegemea upande mmoja. Hapo siondoi neno. Lakini jana hiyohiyo nilikuwa nikitazama kituo ninachokipenda mimi, wakamwonyesha mama mmoja wa upande ule akisema sentensi moja ya ajabu, na studio nzima ikacheka. Nikajikuta najiuliza: na sentensi iliyofuata ilikuwa gani?

Swali hilo sikuwa nimewahi kuliuliza.

Leo Beatrice amekuja tena, na Marisol akaja na watoto wake na sinia la pupusa, zile chapati zao nene za mahindi zenye jibini ndani. Zetu za ngano nilikuwa nimezisukuma mimi. Nilibishana na Beatrice kuhusu kodi, bunduki na maombi shuleni, huku Marisol akiamua kama refa na kutuonea sote wawili. Wakati wa kula nikamwomba dada abariki chakula. Akakibariki vizuri, halafu akamsihi Mungu awafungue macho wale wanaopiga kura vibaya.

Mimi ndiye niliyeitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Akafungua jicho moja kuniangalia, na maombi yakaishia hapo kwa vicheko.

Alipokuwa akiondoka niliinama kwenye dirisha la gari lake.

"Novemba nitaifuta kura yako," akaniambia.

"Na mimi yako. Endesha polepole, ukifika unipigie."

Simu imelia sasa hivi, ni yeye. Amefika salama, na tayari ana hoja mpya. Ngoja nimjibu.