Anzia Penye Vali

Mtani wangu Issa,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi. Mngoni hamwandikii Myao "mpendwa", hata Myao mwenyewe akiwa kaburini. Na usidhani kwa kuwa umekufa basi utani wetu umekwisha.

Nianze na lawama. Ulizikwa kimya kimya kama mtu mwenye heshima. Binti yako Zaituni alinipigia simu saa tatu asubuhi, basi la Tunduru lilishaondoka, na nyinyi Waislamu hamjui kusubiri. Baada ya swala ya alasiri ulishafukiwa. Hakukuwa na mtani wa kulala mbele ya jeneza mpaka apewe kuku, wala wa kuwaambia waombolezaji kwamba huyu mnayemlilia alikuwa mvivu, mchoyo wa korosho, na aliogopa bata. Kazi hiyo ilikuwa yangu, sikuifanya. Arobaini yako ni Jumapili hii. Ninakuja Namasakata kuifanya, juu ya pikipiki yako uliyoniachia hapa Matogoro nikunyooshee ringi ya nyuma. Mke wangu anasema mzee wa umri wangu apande basi. Nimemwambia mtani haendi kutukana kwa basi.

Sasa tuje kwenye hiyo ringi.

Issa, ile ilikuwa ringi au chapati? Niliiweka pikipiki kwenye stendi, nikafunga kipande cha chaki kwenye chuma kando ya gurudumu, nikazungusha. Ringi iliyonyooka hupita jirani na chaki bila kuigusa. Yako huku inaikwangua, kule inaikimbia. Nikazigonga spoku kwa spana, moja moja. Zikiwa zimekazwa sawa hulia sauti moja. Zako zililia kama kwaya ya parokia siku mpiga kinanda amesafiri. Na nati zote zimetafunwa na plaizi! Spana ya spoku ipo, kidude kidogo tu cha kutia mfukoni, lakini bwana mkubwa kashika plaizi.

Nikaziloweka dizeli siku mbili, nikawa nafungua huku naongea na wewe. "Hii nayo uliikaza kwa meno?"

Mke wangu akapita na ndoo. "Unaongea na nani?"

"Na marehemu."

"Mwache apumzike."

"Atapumzikaje na kazi chafu namna hii?"

Vijana wa bodaboda wananiambia, "Babu, tupa hiyo, weka ringi ya spoti." Zile za kumiminwa, zisizo na spoku. Watu wanaopanda kitu wasichojua kukifungua! Ikipasuka wanaipiga picha. Nawadharau kuliko ninavyokudharau wewe, na hilo si jambo dogo.

Unakumbuka ilivyoharibika? Ni harusi ya Gaudensia wangu. Ulitoka kwenu na gunia la korosho za zawadi, ukaingia kwenye shimo karibu na Namtumbo, gurudumu likapinda. Mchana ule mimi ulanzi ulishanikolea, nikasema leteni hapa kwa fundi. Nakumbuka nimekaa chini na gurudumu mapajani, basi, sikumbuki zaidi. Kesho yake ukaniambia, "Ulisinzia, mtani. Nikaifunga mwenyewe."

Tukashuka nayo Mfaranyaki, inayumba kama mlevi. Mafundi pale wakashika mbavu. "Mzee, nani kakufungia hii?"

Ukajipiga kifua. "Mimi. Kwa mikono yangu hii."

Na aliyecheka kuliko wote ni mimi. Nikapaza sauti mtaa mzima usikie: "Myao na spana wapi na wapi! Mpeni bibo ale!" Tangu siku hiyo, kila tulipokutana, salamu yangu ilikuwa ni ringi. Wewe ulicheka tu, ukaendelea kutafuna korosho zako bila kunikaribisha.

Mara ya mwisho ulipoiacha hapa ulisema, "Safari hii ifungue yote. Na anzia penye vali." Yaani pale tunapojazia upepo. Nikakujibu, "Wewe wa kunifundisha mimi?" Nilipoanza kazi nikairuka ile ya penye vali, kwa dharau, nikaanzia inayofuata, nikazunguka spoku thelathini na tano nikikutukana. Wiki iliyopita nikaifikia ya mwisho, ile iliyo jirani na vali. Nikafuta tope, nikapiga msasa. Chini ya kutu kuna rangi nyekundu.

Mke wangu akainama kuangalia. "Hiyo si rangi yangu ya kucha? Ile iliyopotea kwenye harusi ya Gaudensia?"

Anayetia alama spoku ya kwanza ili asipotee kuhesabu ni mimi, tangu ujana wangu. Nati zile zilitafunwa na plaizi yangu. Kwaya ile ni yangu. Wewe ulikaa pembeni, mkavu, hujaonja hata tone, ukaniangalia naifunga yote na alama naiweka.

Kwanza nikadhani umenisitiri. Nikakasirika hasa. Mtani gani anamsitiri mtani wake? Halafu neno lako la vali likanirudia. Hukunisitiri, mwizi wewe! Ulikuwa unaitunza siri hiyo. Miaka yote umeiweka kifuani, na ulipanga uje baada ya msimu wa korosho, ukalie kigoda changu, uangalie sura yangu nikiikuta ile nyekundu. Ukafa ukaikosa. Hata kufa hukujua kupanga.

Ringi imenyooka. Kati yake na chaki inapita karatasi ya sigara tu, mzunguko mzima. Nati nimeweka mpya, nimekaza kwa spana. Ile nyekundu peke yake nimeirudisha pale pale ilipokuwa.

Jumapili nitaanza kwa kuwaambia wajukuu zako ringi ile aliifunga nani. Wacheke mpaka washibe, maana kicheko hicho ni chako, nimekaa nacho muda mrefu. Wakimaliza ndipo nitakutukana kama inavyotakiwa: uvivu, uchoyo, bata, vyote. Kisha nitakaa kichwani pa kaburi lako bila kofia.

Ulitaka kuiona sura yangu. Naileta.

Mtani wako wa Matogoro,
yule mlevi wa plaizi