Dada Nafula, Ni Mimi Niliyekurudisha

Dada Nafula,

Tangu tukuzike nimeianza barua hii mara tatu na kuichana mara tatu. Leo naimaliza, maana leo nina la kukuambia.

Juzi chifu wetu wa hapa Webuye na chifu wa kule Matisi, Kitale, ulikoolewa walitia sahihi karatasi moja. Ni kurasa mbili tu. Inasema mke akikimbilia kwao, hata akivuka kutoka kaunti yenu ya Trans Nzoia kuja kwetu Bungoma, asirudishwe mpaka machifu wa pande zote mbili wazungumze, muuguzi amwone, na mwenyewe aulizwe akiwa peke yake kama anataka kurudi. Wazee wa ukoo, pasta na imamu wa mjini wametia sahihi pia. Watu wa kaunti zote mbili walikuwepo wakiandika. Bado hawajaifanya sera, lakini nitawasumbua mpaka waifanye.

Ulipokuja nyumbani mara ya mwisho, hatukujua kwamba ulikuwa umeripoti polisi kule. Mama anasema ulianza kutueleza, mjomba akakukatiza. Kule walikungoja uandikishe maelezo, hukutokea, wakadhani mmepatana. Huku sisi hatukujua kuna faili.

Siku ya tatu mumeo akaja na sukari na msamaha. Mama akamchinjia jogoo, akapewa firigisi kama mkwe wa heshima. Wewe ulikuwa jikoni, ukitafuna kwa upande mmoja wa mdomo. Niliingia kuchukua chumvi nikakuona. Nikarudi mezani nikaketi.

Kesho yake nikakupeleka mimi. Tulipofika mlangoni uliniambia, "Kaa kwanza unywe chai." Nikasema nitachelewa. Nitachelewa wapi, dada? Sikuwa na pa kwenda.

Wiki sita baadaye nilikuja Matisi kuchukua mwili wako. Mumeo yuko rumande, kesi inaendelea. Katika Biblia yako nikakuta kikaratasi chenye namba ya ripoti ya polisi, kimekunjwa mara nne. Nilizunguka nacho karibu mwaka mzima. Huku naambiwa hayo ni mambo ya upande wa mume, kule naambiwa ni mambo ya kwenu. Nikaomba wakae meza moja. Waliponichoka, wakakubali.

Mjomba hakutaka. Alisimama mbele ya wote akasema, "Ati chifu wa Kitale ndio atatufundisha kukaa na wasichana wetu? Hapana, bana." Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono, na nikaona karatasi yetu inakufa. Ndipo nikasimama. Nilikuwa nimeapa kwamba hilo sitalisema mbele za watu. Nikawaambia aliyemrudisha Nafula ni mimi, na nilikuwa nimeuona mdomo wake uliovimba. Mjomba alitia sahihi wa mwisho kabisa. Tangu hapo hanisalimii, na mimi sijali sana.

Sasa sikia la leo. Asubuhi jirani yetu alikuja kwangu. Binti yake amekimbia kutoka Kipsongo, karibu na Matisi, na watoto wawili. Alitaka nimsindikize arudi kwa mumewe. Akasema, "Si wewe ulipeleka dada yako vizuri, bila kelele?" Hakuwa na ubaya, dada. Alikuwa ananisifu.

Nilikaa chini. Kisha nikampigia chifu wa huku na chifu wa kule, nikampeleka binti kwa muuguzi, na baba yake nikamwacha uani. Binti amesema hataki kurudi. Amelisema mara moja, kwa sauti ndogo, na limeandikwa pande zote mbili.

Nilikukosea, Nafula. Karatasi haifuti hilo, wala sitafuti kufutiwa. Pumzika. Mwanao ni mzima, anapenda kubishana kama wewe. Siku moja ataolewa, na mjomba wake wa kuamua mambo nitakuwa mimi. Akija kwangu na neno mdomoni, naahidi nitanyamaza mpaka alimalize.

Ndugu yako,
Wekesa