Kiti cha Mama wa Mgeta

Jumatano, Mei 1954

Asifiwe Klementi, basi! Mimi nina miaka tisa ya uganga msaidizi hospitali hii, yeye kaja juzi tu kutoka masomoni.

Yule mama wa Mgeta nilimpokea mimi. Miguu imevimba, anahema. Nikasema ni safura, nikamwandikia dawa ya minyoo. Shingoni alijifunga khanga kwa baridi ya mlimani. Mtu mzima sawa na mama yangu, niliona haya kumfungua.

Klementi alimwamkia shikamoo, kisha akawauliza wanawe, "Mbona mmembeba kwenye kiti? Wagonjwa wenu si huja kwa machela?"

"Akilala anakosa pumzi."

Akaomba ruhusa, akafungua khanga. Mshipa wa shingo umetuna mpaka karibu na sikio. Akabonyeza mguu, shimo likabaki. "Huu ni moyo, umechoka." Daktari wetu alipopita akakubali, akampa Klementi mkono wa hongera mbele yangu.

Kile kiti nilikiona. Nilikisogeza mwenyewe kisinizibie njia.

Jioni wanawe wakamletea Klementi kabeji, naye akanigawia nusu. Nilitaka kuitupa. Nimeila.

Mama amelala ameegemea mito, anapumua vizuri. Karatasi yangu ilisema alazwe chali.