Don Casiano Hakuwahi Kunyoa Ndevu

El Alto, Jumapili

Kaka yangu mpendwa Rufino,

Shikamoo kaka. Natumaini u mzima huko Buenos Aires, na kwamba mgongo wako umepatana na ile cherehani. Shemeji hajambo? Mtoto ameota meno mangapi? Niambie nami nitakuambia yapi yanafuata, maana mdogo wako sasa ni msomi. Sisi ni wazima wa mwili. Upepo umeng'oa mabati ya jirani, yetu yamesalia. Lakini akili yangu haijatulia tangu Jumanne. Ningepiga simu, ila Baba hukaa karibu akisikiliza kila neno. Keti kwanza, kaka, ndipo uendelee kusoma.

Mwaka huu chuoni wametuingiza kwenye mifupa ya kichwa. Nilidhani kusafisha meno ya watu ni habari ya mswaki na fizi, basi. Kumbe huruhusiwi kumgusa mtu mdomoni kabla hujajua taya la juu limeshikana na nini na mishipa inapita tundu lipi. Chuo kina fuvu moja tu la plastiki, na kulifikia ni kupigana vikumbo. Nikaona upuuzi gani huu, wakati don Casiano, fuvu letu la kutulinda, amekaa juu ya kabati letu kwenye kisanduku chake cha kioo, na kofia yake ya sufu na miwani ya jua, hana kazi mpaka Novemba, sikukuu ya mafuvu, tutakapompeleka kanisani na maua.

Nilimwomba Baba ruhusa. Akasema nisimwombe yeye, nimwombe mwenye kichwa, tena nimwashie sigara kwanza, kwa sababu polisi hata akifa hapendi kupekuliwa. Nikafanya hivyo. Nikamvua kofia na kuanza: paji la uso, kisogo, mashavu, taya. Nilipomgeuza nione chini, nikaona ufa. Ulikuwa mbele ya lile tundu kubwa la uti wa mgongo, pale mfupa wa kisogo unapokutana na ule wenye umbo la kipepeo. Kitabu changu kinaonyesha hapo pameungana kabisa. Niliogopa nimemvunja marehemu.

Kesho yake nilimfunga kwenye shali nikampeleka kwa mwalimu wetu, Daktari Arancibia. Alimgeuza, akamtazama magego, akaniuliza nyumbani tunamwitaje. Nikamwambia ni don Casiano, polisi mstaafu. Akasema, "Binti yangu, huyu don wako hakuwahi kunyoa ndevu." Darasa zima likacheka. Kisha akanionyesha. Ule haukuwa ufa, ni mahali ambapo mifupa haiungani mpaka mtu amalize kubalehe. Na gego la pili lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, nusu nje, nusu ndani. Alisema kichwa cha umri huo kinakaribia ukubwa wa mtu mzima, ndiyo maana tulidanganyika, lakini huyu ni mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Wenzangu waliacha kucheka. Mimi nikamfunga tena kwenye shali, nikamrudisha nyumbani.

Niliwaambia Baba na Mama siku hiyo hiyo mezani. Baba alipauka. Akauliza, kwa hiyo miaka yote hii amekuwa akimpa mtoto wa watu sigara na pombe, akimwomba afukuze wezi? Usimcheke, kaka, ungemwona usingecheka. Akaapa kwamba Jumamosi atampeleka makaburini azikwe kwenye shimo la wote, maana kumweka mtoto wa mtu kwa jina la uongo ni dhambi. Mama alikusanya sahani ambazo hatujamaliza.

Asubuhi, Baba alipokwenda kazini, tulikaa uani kumenya viazi vikavu vya chuño. Mama akaniuliza kama mifupa inaweza kusema yule mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Nikamjibu kwamba kwa umri ule ni vigumu, hata daktari hakuthubutu. Akasema, "Basi nitakwambia mimi. Wa kike. Anaitwa Leandra. Ni wangu."

Kaka, beseni liliniponyoka, chuño zote zikamwagika, na hakuna aliyeinama kuziokota.

Mama alimzaa kijijini kabla hajamjua Baba, akamwacha kwa bibi. Alipoposwa, mama yake Baba alimuuliza kama amewahi kuzaa, akasema hapana, na tangu hapo hakupata pa kuanzia. Ulipozaliwa wewe, alimwita Leandra mjini akamwingiza nyumbani kama yaya. Alimfundisha kumwita señora, kama mtumishi amwitavyo mwenye nyumba. Alimlaza jikoni. Ugonjwa wa mapafu ulipomzidi, Baba alikuwa Oruro kwenye ujenzi, na aliporudi aliambiwa yaya amerudi kwao. Hospitalini, walipokuwa wawili tu, Mama alimwambia sasa anaweza kumwita mama. Leandra akajibu kwamba bora asizoee, asije akateleza mbele ya bwana. Alikufa akimwita señora.

Mama alimzika peke yake. Makaburi yale yalipofunguliwa baada ya miaka kupisha maiti wengine, mchimbaji alimwachia kichwa. Baba asingekubali fuvu lisilo na faida, na mwaka ule wezi walizidi mtaani, ndipo Mama akasema ni la polisi wa kutulinda. Mama anasema alitaka tu awepo mtu wa kumsalimia kila asubuhi.

Alhamisi alimwambia Baba mwenyewe, mbele yangu. Nilitarajia vurugu. Baba alisema tu kwamba yule mtoto alikuwa akila jikoni peke yake, naye akimpita kila siku bila hata kumuuliza jina. "Ningemwambia akae mezani," akasema. Mama akajibu kwamba hakujua kama angekubali. Hawajasemezana tangu hapo. Jumamosi imepita na Leandra bado yupo, lakini Baba hajatamka kwamba atabaki, na Mama halali.

Sasa, kaka, yule yaya tuliyekutania kwamba ulimlilia mpaka ukashikwa na homa, ndiye huyo. Ulibebwa mgongoni na dada yako, na Mama anasema hukukubali mgongo mwingine. Anakuomba uje kabla ya sikukuu, tarehe nane Novemba. Anataka safari hii wewe ndiye umbebe mpaka kanisani, kwa jina lake. Baba atakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Njoo uzungumze naye, tafadhali. Mama akimpoteza mara ya pili sijui itakuwaje.

Nisalimie shemeji, umbusu mtoto. Mama anakusalimu sana. Baba hajui kama ninaandika. Nilipomwuliza Mama niongeze salamu za nani, alifikiri, kisha akasema za dada yako mkubwa.

Ni mimi mdogo wenu,
Nilda